Taco ya Kuvimba Nyumbani kwa Mkwe

San Antonio, Texas

Baba Atieno mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu nifike huku umepata kwangu salamu fupi za simu tu, nazo zilikuwa salamu za mtu anayeficha jambo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, kwa sababu kila nilipofika kwenye neno “hatujambo” kalamu ilikataa. Sikuwafundisha watoto wa watu lugha miaka yote ile ili nije kuitumia uzeeni kumdanganya mume wangu.

Goti lako linaendeleaje? Je, unalichua kila jioni kama nilivyokuagiza, au unangoja lipone kwa kulitazama? Mvua imefika Asembo? Gugu maji bado limeziba ufuo, au upepo umelisukuma upande wa Seme? Nimeota mara mbili kwamba unakunywa chai bila kula kitu. Nimwambie nani akuangalie zaidi ya mke wa mwana wetu Ouma, ambaye ana watoto wake na shamba lake? Tafadhali kula. Ninasema neno hilo nikijua uzito wake, na utaelewa kwa nini.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe hupokea simu kwa kipaza sauti, na boma zima hukusanyika kama kwenye matanga. Mambo haya ni yako kwanza. Ukishayameza, utawaeleza wengine kwa namna utakayoona inafaa. Anayekuletea barua ni binti mmoja wa Seme, muuguzi katika hospitali ya huku, anayekuja likizo kuwaona wazazi wake. Mpe maji, mpe kiti, na usimhoji sana, hajui yaliyomo.

Sasa ukweli, maana wewe hupenda ukweli uje kabla ya chai. Atieno ni mgonjwa kuliko tulivyoambiwa. Saratani iliyoanza kwenye titi imehamia kwenye ini. Dawa waliyomtia mshipani haikufaulu. Ilichukua nywele na hamu ya chakula, ikaacha ugonjwa pale pale. Nilipofika uwanja wa ndege nilimpita binti yangu, Baba Atieno. Nilimpita, nikaendelea kumtafuta katika umati, mpaka akaniita kutoka nyuma. Nikimshika mkono, vidole vyangu vinauzunguka na kukutana.

Daktari wake ni mwanamke mpole asiyezungukazunguka. Alituambia hivi: ipo dawa ya pili, yenye nguvu zaidi, lakini mwili alio nao sasa hauwezi kuibeba. Ni lazima ale kwanza, apate nguvu. Akizipata, anaweza kujaribiwa, na hakuna anayeahidi kitu. Asipozipata, au asipotaka, basi siku zilizobaki azitumie mahali anapopapenda, na kama mahali hapo ni mbali, asafiri wakati bado anaweza kuketi kwenye ndege. Nilimuuliza tumpe chakula gani. Akajibu, “Chochote atakachokubali kumeza. Msimchagulie.”

Mimi nilikuwa nimekwisha kumchagulia. Unakumbuka sanduku langu lilivyonuka pale uwanja wa ndege wa Kisumu, mpaka yule askari akacheka: “Mama, hii omena yote unaenda kuuza Amerika?” Nilimwambia kwamba dagaa hizi si za kuuza, ni za mtoto wangu. Nilibeba unga wa wimbi, nilibeba mboga ya osuga niliyoianika mwenyewe, nilibeba hata samli. Nilijua nikimpikia chakula cha kwao atanyanyuka.

Siku ya kwanza nilikaanga omena kwa nyanya na vitunguu, kama alivyozipenda tulipokaa Nyalenda, kule Kisumu. Harufu ilipofika chumbani kwake alitapika, na tumboni hamkuwa na kitu cha kutapika. Ugali alimega tonge dogo kuliko ncha ya kidole, akaliweka shavuni, akalitoa nilipogeuka. Uji wa wimbi ulikaa mpaka ukafanya utando. “Pole, Mama,” aliniambia. “Si wewe. Kila kitu kwa mdomo wangu kina ladha ya sarafu.” Kisha akageuza uso ukutani. Nilibaki nimesimama na sufuria mkononi, chakula cha kwao kinapoa, mtoto amenipa mgongo. Sijui kama mama anaweza kuwa mpweke kuliko hivyo.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakukikataa, nacho si changu.

Kinaitwa taco ya kuvimba. Neno hilo naliandika kwa herufi c kama wenyewe waandikavyo, nawe lisome kwa heshima. Ni chakula cha mji huu. Taco nyingine zinapatikana kila mahali katika nchi hii, ama laini kama chapati, ama ngumu kama kigae. Lakini hii ya kuvimba, ukitoka nje ya San Antonio kidogo tu, watu watakutazama kana kwamba umeuliza habari za mwezini. Mume wa Atieno, yule Ruben uliyemwona kwenye picha, amezaliwa katika nyumba ya watu wanaoikaanga, na mama yake, Mama Chelo, mjane wa umri wangu, ndiye aliyemfundisha.

Nitakueleza inavyotengenezwa, kwa sababu nimesimama pembeni nikatazama, na kwa sababu kueleza jambo kwa utaratibu ndiko kunakonizuia nisilie. Mahindi meupe, ya namna tunayoijua sisi, huchemshwa pamoja na chokaa, kama sisi tunavyotia magadi kwenye mboga, kisha hulowekwa mpaka maganda yachomoke. Huoshwa, husagwa yakiwa bado na maji, yakawa donge. Mama Chelo hanunui unga wa pakiti. Anasema unga uliokauka umesahau kuvimba. Donge dogo hukandamizwa kati ya vyuma viwili likawa duara jembamba, nalo hutiwa bichi katika mafuta yanayochemka. Hapo ndipo ajabu yake. Duara huzama, hutulia kidogo, kisha huinuka na kutuna kama andazi lililotukanwa. Mpishi hulibonyeza katikati kwa kijiko kipana, likakunjika kama kiganja kinachokinga maji. Ndani hutiwa nyama ya kusaga iliyopikwa kwa bizari nyembamba na vitunguu saumu, saladi iliyokatwa, nyanya, jibini na pilipili. Hakuna kitu cha anasa humo. Ni mahindi, mafuta na nyama kidogo.

Nilimuuliza Mama Chelo, kama mwalimu aulizavyo, ni nani aliyeianza. Hajui Kiswahili, nami sijui Kihispania, na Kiingereza chetu hakipatani. Atieno alitufasiria akiwa amelala kwenye kochi. Mama Chelo alicheka hadi akashika ubavu.

“Mwambie mama yako asiulize swali hilo kanisani,” alisema. “Watu watapigana kabla ya baraka.”

Familia moja yenye mkahawa inasema ni baba yao. Nyingine inasema ni mjomba wao, na kwamba wale wengine walichungulia dirishani. Wapo ndugu wa tumbo moja wanaogombana, kila mmoja na kibao chake kinachosema kwamba hapa ndipo penyewe. Mama Chelo anaamini kwamba ilikuwepo majumbani kabla ya mikahawa yote hiyo. Bibi yake alivuka mto kutoka Meksiko akiwa msichana, yeye na watu wake wakakaa upande wa magharibi wa mji, kwenye nyumba zilizobanana. Alikuwa akiwakaangia watoto donge lililobaki baada ya kuoka mikate ya siku. Hakuwahi kudai kwamba amevumbua kitu. Alisema mafuta ndiyo yaliyovumbua, yeye alikuwa amesimama karibu. Siku hizi mji mzima unajivunia chakula hicho, hata kwenye uwanja wa mpira mtu mzima huvaa vazi la taco, akakimbizwa na mtoto mpaka aangushwe, na umati ukashangilia. Nilipoona kwenye televisheni nilidhani ni kejeli. Ruben aliniambia ni heshima. Sina la kuongeza.

Nilikumbuka Obunga. Wewe unajua, maana ulikuwa ukimchukua Atieno siku za Jumamosi ulipokuwa ukipeleka samaki. Viwanda vinachukua minofu, mifupa inatupwa, wanawake wa Obunga wanaiokota na kuikaanga, na leo nani Kisumu asiyejua mgongo wazi? Lakini ukiuliza ni karai la nani lililotangulia, kila mwanamke ataapa kwamba ni la mama yake. Nilisema hivyo kwa sauti, na Atieno akafumbua macho.

“Mama, ndiyo hii,” alisema. “Hii ni mgongo wazi ya watu wa huku. Lazima ukule papo hapo.”

“Ule,” nilimsahihisha.

“Haya, ule. Lakini papo hapo.”

Nikamuuliza inakuwaje anaisikia hiyo na ladha nyingine zote zimekufa. Alisema haisikii ladha yake pia. Anachosikia ni sauti. Ganda likivunjika kati ya meno, mvuke ukatoka, mdomo unakumbuka kazi yake, na kabla haujasahau tena huwa amekwisha kumeza. Lakini ni lazima iwe imetoka kwenye mafuta sasa hivi. Ikingoja kidogo tu, ganda hunywa mchuzi, hulegea, huwa tope, naye huisukuma kando.

Sasa nikueleze kosa nililolifanya, ambalo hakuna mtu wa huku angelifanya.

Mimi nilikuja kwenu kutoka Taita nikiwa mwalimu kijana, na miiko yenu niliifunzwa na mama yako kwa ukali. Niliishika kuliko dada zako waliozaliwa nayo. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hali chakula mbele yake. Hampi mkono. Basi nilipofika huku nilikataa chumba walichonitayarishia. Ninalala katika nyumba ndogo ya nyuma, kwa Mama Chelo. Na kila adhuhuri Ruben alipokaanga, alimpa Atieno sahani yake, akaniwekea mimi yangu mezani kwa mikono miwili, nami niliishukuru, nikaifunika kwa karatasi ya bati, nikatoka nayo, nikavuka ua, nikafunga mlango, nikaomba, nikala peke yangu. Ilikuwa imekwisha kuwa baridi, imelegea, mafuta yamejaa chini. Nilijiambia kwamba chakula hiki kinasifiwa bure. Mara nyingi nilirudisha nusu.

Sikujua kwamba katika nyumba hii, kukaangiwa taco ya kuvimba na kuiondoa mbele ya aliyeikaanga ni sawa na kumwaga maji uliyopewa mlangoni. Mama Chelo aliziona zile nusu. Ruben aliziona. Kijana huyu alimwambia Atieno kwamba mimi siwezi kumkubali hata akipika mpaka mikono ichubuke. Atieno alimweleza habari za mwiko. Ruben alimuuliza, “Na hiyo adabu inaisha lini?” Haya yote Atieno aliniambia baadaye.

Wakati huo huo dada yako Dorka akanipigia simu. Sijui ni nani aliyempa habari, lakini ninamshuku mwenye kipaza sauti.

“Mama Atieno, ati unakaa kwa nyumba ya huyo jamaa?”

Nilimwambia ninalala nyuma, kwa mamake.

“Na kula je? Wewe uangalie! Usikule mbele yake hata maji. Huyo mtoto anakonda hivyo ni chira. Hawakufanya mambo mzuri tangu harusi. Sasa wewe ukiongeza yako, utammaliza.”

Sikumsahihisha neno hata moja, na utajua kutokana na hilo jinsi nilivyokuwa. Mimi ni mtu wa kanisa. Nimewaambia wanawake wa Asembo mara ngapi kwamba kukonda kuna majina hospitalini, na kwamba chira ni hofu iliyovaa nguo za ugonjwa? Lakini nilipokata simu, Baba Atieno, niliivaa hofu hiyo hiyo. Maana chira, ile laana ya mvunja mwiko, humkondesha mtu, na mtoto wangu alikuwa anakonda. Nikazidi kushika mwiko. Nikaanza kuepuka hata kupita jikoni Ruben akiwapo. Niliona kwamba nikikosea hatua moja, nitakuwa nimemuua mimi.

Ndipo ikaja Jumapili moja. Tangu Ijumaa Atieno hakuwa amekula. Hata ile taco aliikataa. Aliisikia ikilia kwenye mafuta, akafunga macho. Binti wa Seme alipokuja kumpima alinitazama kwa namna ambayo wauguzi huwatazama jamaa za wagonjwa, nami nikatoka nje, nikasimama kwenye jua lao lisilo na huruma, nikamwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Adhuhuri Ruben alikaanga tena. Alileta sahani mbili. Mimi, kwa mazoea, nikachukua karatasi ya bati.

“Unaenda wapi?” Atieno aliuliza.

“Kwa Mama Chelo.”

“Kukula baridi.”

“Kula,” nilisema.

“Mama, leo wacha kunisahihisha.” Aliisukuma sahani yake kwa kidole. “Umesoma Biblia mwanzo hadi mwisho, na taco moja inakushinda? Kaa chini. Sitakula kama huli. Hapa. Na yeye akiwa hapa.”

Nilimwambia anajua kwamba haiwezekani. Nilimwambia habari za shangazi yake. Alicheka, kicheko kikavu kama cha mtu mzee.

“Chira? Mama, niangalie. Itachukua nini tena?”

Ruben alikuwa amesimama mlangoni na kijiko chake. Hakuelewa maneno yetu, lakini alielewa karatasi ya bati. Akakusanya Kiswahili chote alichofundishwa na mke wake.

“Mama,” alisema. “Chakula yangu ni mbaya?”

Nilimtazama Atieno. Mifupa ya shingo yake ilikuwa imesimama kama vijiti vya uzio. Nilitafuta mahali ambapo ningeweza kusema, hapa bado kuna kitu cha kulindwa kwa kujinyima, nikakosa. Nikaketi. Nikaomba sala fupi kuliko zote nilizopata kuomba, kwa sababu ganda lilikuwa linangoja na sala ndefu ingeliharibu. Nikala, mbele ya mkwe wangu, nyumbani kwake, mezani kwake.

Nitakuambia ilivyokuwa, ingawa si adabu kusifu chakula katika barua ya majonzi. Ilivunjika kwa mlio. Ukingoni ilikuwa kavu kama jani, chini ilikuwa laini kama mkate, na mvuke wa mahindi ukanijia usoni, ule ule wa sufuria ya nyoyo, mahindi yetu na maharagwe, inapofunuliwa. Nyama ilikuwa moto, saladi ilikuwa baridi. Mchuzi ulinitoka mkononi ukateremka. Hakuna namna ya kuila kwa heshima, Baba Atieno. Nadhani ndiyo maana wanaipenda: huwezi kuila huku ukijilinda.

Nilipoinua macho kumtazama Ruben, hakuwa akinitazama. Alikuwa ameketi kiubavu, amegeuzia uso wake dirishani, anatazama ukuta wa jirani. Atieno alikuwa amemfundisha zamani kwamba mkwe hatazami mdomo wa mama mkwe ukila. Siku zote hizo alilijua hilo, akangoja nafasi ya kuliheshimu, nami sikumpa. Ni heshima ambayo wakwe wengi wa Asembo wamekwisha kuisahau, na nilipewa na kijana wa Texas.

“Mama!” Atieno alisema. “Mafuta imefika kwa kiwiko!”

Alikuwa anacheka. Na alikuwa anatafuna. Aliimaliza, akamwambia mume wake kwa Kiingereza amkaangie nyingine, na Ruben akaenda jikoni haraka hata akagonga mlango kwa bega. Nilimsikia kule akimwita mama yake kwa sauti ya mtu aliyeona moto.

Sitakudanganya. Baadaye alitapika sehemu yake. Lakini si yote. Tangu siku ile tunakula pamoja kila adhuhuri, sisi watatu, Ruben akitazama dirisha, na mara nyingine Mama Chelo huja na kiti chake. Siku nyingine Atieno hula yote, siku nyingine huuma mara moja akaweka chini, nasi tunajifanya hatukuona. Mizani imesogea kidogo sana. Daktari hakutabasamu, lakini amesema mlango wa dawa ya pili haujafungwa.

Na sasa imekuja siku ya kuchagua, na hapa ndipo ninapokuhitaji.

Ulipoongea nami mwisho ulisema, “Mlete mtoto nyumbani, huyo kijana abaki kwao.” Nilimfikishia Atieno neno lako kama lilivyo, kwa sababu si kazi yangu kukutengenezea maneno. Kisha akaniambia: akija Asembo, atakuja na Ruben, au hatakuja. Ruben ndiye anayemwogesha. Ruben ndiye anayejua upande upi haumuumi. Hataki kurudi kwenu apangwe ndani ya nyumba kama mgeni, na mume wake aambiwe akalale hotelini Kisumu kwa sababu mkwe halali ndani ya boma la wazazi wa mke. Na alinituma nikuulize neno moja, nami naliandika kama alivyolisema: “Muulize Baba, kama ni kwenda kufia kwake, ataturuhusu tulale mlango mmoja?”

Najua unachofikiri. Najua Dorka atasema nini, na wazee watasema nini kuhusu binti aliyeolewa kufia ndani ya uzio wa baba yake. Nimelitaja neno lenyewe, kufa, kwa sababu sisi sote tunalizunguka, naye analisikia tukilizunguka. Wewe ni mzee wa kanisa na mzee wa ukoo, na vyeo hivi viwili havijawahi kukudai kwa wakati mmoja kama leo. Sikuambii ujibu nini. Nakuambia tu kwamba hawezi kuchagua kati ya njia mbili ilhali hajui kama moja ina mlango. Jibu mpe binti wa Seme mkononi atakaporudi. Usilitume kwa simu, na usiliitishie kikao.

Mimi mwenyewe sijui ninaomba nini. Nikipiga magoti namwomba Mungu ampe mwili wa kuibeba dawa ile. Kabla sijasema amina, namwomba amlete alione ziwa. Ninamwomba vitu viwili vinavyopingana, nami naona haya, lakini sina uwezo wa kuacha hata kimoja. Nikiwa peke yangu hujiuliza tulimlea vipi mtoto huyu akawa na utulivu unaotushinda sisi wote. Jana nilimchana mama yake Ruben nywele, Atieno akitutazama, akasema sasa nina binti wa umri wangu. Tulicheka. Kisha mimi na Mama Chelo tulikwenda nyuma ya nyumba tukalia, kila mmoja kwa lugha yake, na hatukuhitaji mkalimani.

Nisalimie mke wa Ouma, na umshukuru kwa chai anayokupikia hata kama hunywi. Wajukuu waambie bibi yao anauliza kama wanasoma kwa sauti kila jioni. Dada yako Dorka mpe salamu zangu za heshima, na umwambie nimekula. Asisikie kwa mwingine. Mchungaji mwambie amtaje Atieno kwa jina, asiseme tu “wagonjwa wetu walio mbali”. Jirani anayetukamulia ng'ombe naye nisalimie, na mama mzee wa pale ufuoni anayeuza samaki, ambaye kila mara aliniuliza binti yetu atarudi lini.

Usinipigie simu kuniuliza ameamua nini. Uamuzi ni wake, na atautamka mwenyewe wakati wake. Siku atakayoutamka nitakaa chini nikuandikie kwa mkono wangu, uwe ni wa kubaki au wa kuja. Mpaka hapo, barua isipofika, jua kwamba bado hajaamua, na kwamba adhuhuri ya leo ameketi mezani.

Ni mimi mkeo,
Mama Atieno